Kasha Tupu la Mokuseiji

Saa tatu asubuhi ya Alhamisi, mtawa mkuu Enshu alifungua milango ya kasha mbele ya watu waliojaa ua wa hekalu la Mokuseiji, mjini Nara nchini Japani, na ndani hamkuwa na kitu.

Hakuna aliyepiga kelele. Watu walikuwa wamekwisha kuinamisha vichwa, na wengi waliendelea kuinama, wakidhani utupu ule ndio walioujia. Sanamu ya Kannon, mtakatifu wa huruma wa Kibudha, huonyeshwa siku moja tu kila baada ya miaka thelathini na mitatu, na katikati ya hapo hata watawa hawaruhusiwi kuchungulia. Mtu akijaliwa sana humwona mara mbili maishani mwake. Sasa nani angetambua upesi kwamba hayupo? Ni mzee Enshu mwenyewe aliyetikisika juu ya fimbo zake mbili na kusema kwa sauti ndogo, "Ameondoka."

Katika safu ya mbele, Bi Shizue Anzai alimshika mdogo wake mkono. "Kayo, mbona kimya? Wameshafungua?"

"Wameshafungua, dada."

"Yukoje?"

Kayoko alikuwa mpelelezi wa polisi huko Sendai mpaka alipostaafu, na alikwisha kuwapelekea watu habari mbaya za kila namna. Hii ilimshinda. Alimwongoza dada yake hadi kwenye benchi, akamwambia taratibu.

Wiki nzima ilikuwa imepangwa kwa ajili ya asubuhi hii. Macho ya Shizue yalikuwa yanazimika kuanzia katikati. Alibakiwa na kingo za vitu tu, na daktari alisema hata hizo hazitafika majira ya maua ya mwakani. Kwa hiyo Kayoko alipanga safari ya polepole, mahali pamoja kwa siku. Walianza Kyoto, bustani moja asubuhi na usingizi mchana, wakaja Nara, na Ijumaa wangepanda treni kwenda Kanazawa. Kila mahali alipachagua kwa kuuliza kwanza kama pana pa kukaa. Watoto wa Shizue walicheka kwamba konokono angewapita njiani. "Apite," Shizue aliwajibu, "akifika atuwekee maji ya chai."

Mara ya mwisho Kannon alipoonyeshwa, Shizue alikuja na mama yao, na mama akafariki baridi ya mwaka uleule. Kayoko hakuja, alikuwa akimfukuza mwizi wa magari. Alichokijua kuhusu sura ile ni maneno ya dada yake tu, kwamba humtazama mtu kana kwamba iko karibu kumwita kwa jina.

Inspekta Nonaka wa kituo cha jirani alifika akiwa na haraka na adabu nyingi. Kayoko alimweleza kazi yake ya zamani, na kijana akamwita afande palepale, ingawa alionekana kutamani bibi huyu arudi kwenye benchi.

"Shauri lenyewe liko wazi, afande," alisema Nonaka. Alionyesha ukumbi mdogo wa kasha, uliosimama peke yake katikati ya kokoto nyeupe. "Leo wamelaza mbao ili watu wapite. Jana hapakuwa na mbao. Anayekwenda ukumbini lazima akanyage kokoto, na asubuhi hapakuwa na alama hata ya paka. Basi mwizi ni yule anayeshika reki ya kuzisawazisha."

Kuhusu alama alisema kweli. Kayoko na dada yake walilala katika vyumba vya wageni vya hekalu, na alfajiri, muda baada ya mvua kukatika, alitoka barazani akaona kokoto zile. Mistari ya reki ilikwenda imenyooka, ikaizunguka miamba, ikaenda tena, weupe juu ya weupe, bila doa. Aliduwaa. Alijisikia mdogo na mwenye furaha, na hakutaka hata kukohoa.

Mshika reki alikuwa Mzee Togashi, mtunza bustani, ambaye pia alikuwa na ufunguo wa ukumbi. Nonaka alimkalisha jikoni.

"Ufunguo unakaa wapi, mzee?"

"Pale kwenye msumari. Kila mtu anauona. Hata wewe unauona."

"Kikulacho ki nguoni mwako, ndivyo nionavyo mimi."

"Nguoni mwangu kuna maumivu ya kiuno tu, kijana. Njoo uyakague."

Kayoko aliomba kuuliza. "Mzee Togashi, jana ulipiga reki saa ngapi?"

"Kabla ya mvua. Saa tisa hivi. Baadaye kiuno kikakataa, nikalala."

"Unaanzia wapi, unamalizia wapi?"

Togashi alimtazama kama mtu aliyeulizwa chakula huingilia wapi. "Naanzia ukumbini, narudi kinyumenyume nikifuta nyayo zangu, namalizia hapa mlangoni. Chai iko hapa."

"Na maua yanayoanguka kutoka kwenye ule mti?"

Mti wa mokusei ulikuwa umechanua vijiua vya rangi ya chungwa, na harufu yake ilijaa hadi jikoni. "Siyagusi mpaka yawe kahawia," alisema Togashi. "Marehemu mke wangu aliyapenda juu ya weupe. Mtawa mkuu anajua, haniulizi."

Walipotoka, Nonaka alikuwa amepata mtu wa pili. Mgeni mwingine wa hekalu, Bwana Kuramochi, muuza vitu vya kale kutoka Osaka, alikuwa amekumbatia kasha lililofungwa kwa kitambaa na hataki kulifungua.

"Ni mambo yangu binafsi," alisema, jasho likimtoka.

"Fungua, Bwana Kuramochi," alisema Nonaka.

Ndani mlikuwa na ngisi mkavu, soseji na chupa ya sake, pombe ya mchele. Hekaluni humo hawali kiumbe chenye damu.

"Siku tatu za tofu na mboga," alisema Kuramochi kwa unyonge. "Mimi ni binadamu, afande."

Shizue alicheka kutoka kwenye benchi lake, mara ya kwanza tangu asubuhi. Kisha akaomba apelekwe ukumbini. "Kama hayupo, basi nikae pale alipokuwa."

Kayoko alimpitisha juu ya mbao. Shizue alipiga magoti mbele ya kasha, akavuta pumzi. "Kayo, hapa pananuka mbao iliyosagwa."

Kayoko alipitisha kidole ndani ya kasha. Kilitoka na unga laini wa rangi ya udongo.

"Vumbi la miaka yote hiyo," alisema Nonaka.

"Milango inafunga mpaka hewa haipiti. Vumbi lingeingilia wapi?"

Mtawa Ryokai, mwana wa mzee Enshu na mrithi wake, kwani watawa wa huko huoa, aliwaletea chai ukumbini. Alikuwa kijana mpole, na alishika kila kikombe kwa ncha za vidole, viganja akiviweka mbali na moto wake. Alipomaliza aliificha mikono katika mikono ya joho. Kayoko alimshukuru, kisha akazitazama tena kokoto, safari hii bila kuduwaa.

Saa sita mchana Nonaka alisimama kumchukua Togashi. Mzee alikuwa ameshavaa koti, na mzee Enshu alikuwa analia bila kujificha.

"Inspekta, umesema mwizi ni aliyeshika reki," alisema Kayoko. "Nakubali. Ila ni reki ya nani? Mvua ya usiku imeangusha maua kila mahali, mpaka juu ya viatu vyetu barazani. Tazama kokoto."

Nonaka alitazama. Juu ya weupe wote hapakuwa na ua hata moja.

"Zimepigwa reki mvua ilipokatika, na mtu asiyejua kwamba Togashi huyaacha maua. Sasa tazama mistari. Mpiga reki hurudi kinyumenyume, na anapotokea ndipo anapomalizia. Hii haiishii jikoni."

Macho yote yalifuata mistari. Ilikwenda hadi kwenye ngazi ya nyumba ya mtawa mkuu, ambamo walikaa watu wawili tu. Mmoja hakuweza kusimama bila fimbo mbili.

"Mtawa Ryokai," alisema Kayoko, "reki humchubua asiyeizoea. Tuonyeshe viganja."

Ryokai hakuvionyesha. Alipiga magoti mbele ya baba yake, paji la uso likagusa mbao.

"Niliingia jana jioni kufuta vumbi, baba. Nilijua ni mwiko. Sikutaka leo uaibike kwa utando wa buibui. Nilipomwinua, mgongo wake ukamomonyoka mikononi mwangu. Wadudu wamemla kutoka ndani. Hakuna aliyefungua miaka yote, hakuna aliyejua."

"Ukamficha," alisema mzee Enshu.

"Ulisema ukimwona tena utakufa kwa amani. Ningekuonyeshaje unga? Nikafuta nyayo zangu mvua ilipokatika, nikidhani watu watasema ameondoka mwenyewe. Sikudhani watamshika mtu."

"Lakini walimshika," alisema Kayoko, na sauti yake ilikuwa kali. "Umekaa unamimina chai. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kidogo kimuumbue asiye na ugonjwa."

Ryokai alimgeukia Togashi, akainama tena, muda mrefu. Togashi alivua koti lake. "Inuka," alisema. "Na siku nyingine maua yangu uyaache."

"Mlete," mzee Enshu alimwambia mwanawe.

Kannon alikuja katika kitambaa cheupe. Alikuwa mdogo, urefu wa mkono wa mtoto. Mgongo haukuwepo na nguo zake zilikuwa matundu matupu, lakini uso ulikuwa mzima. Mzee Enshu alimtazama, akaziachia fimbo, akashuka chini akishikwa na mwanawe. "Amekaa gizani akiliwa," alisema, "sisi tukajisifu kwamba tunamtunza. Fungueni lango. Watu wamwone hivi hivi."

Watu waliingia polepole, mmoja mmoja. Hata Kuramochi alilia, na Nonaka alivua kofia akasahau kuivaa tena. Ilipofika zamu ya Shizue, alisogeza kichwa upande huu na upande ule, akitafuta kwa kingo za macho.

"Simpati," alisema. "Nimechelewa, Kayo."

Mzee Enshu alisikia. Hakuna mlei aliyewahi kumgusa Kannon huyu. Yeye mwenyewe aliuchukua mkono wa Shizue, akauweka juu ya ule uso.

Vidole vilipita kwenye paji, kwenye kope, vikafika mdomoni, vikatulia. Kayoko alisimama nyuma yake.

"Ndiye," alisema Shizue. "Mdomo bado uko karibu kusema." Akauondoa mkono, akasogea pembeni. "Haya, njoo wewe. Mara ile tulikuwekea nafasi, mimi na mama."

Kayoko alipiga magoti na kutazama. Treni ya Kanazawa iliondoka kesho yake bila wao.