Ulimi Ndani ya Kanda

Pale marehemu aliponyamaza, mchoro haukunyamaza.

Fundi wa sauti aliyeutazama mchoro huo, wenzake kazini walimwita Masikio, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kusafisha kanda za zamani: kuondoa mikwaruzo, kubakiza sauti za watu. Hakutegemea kusikia peke yake. Aliandika amri kwenye lile dirisha jeusi la kompyuta, na faili la sauti likajichora kwa nukta na vistari. Mtu akisema, vilima. Akinyamaza, mstari ulionyooka. Kanda hii ililetwa na mjane wa fundi cherehani, aliyetaka wanawe waisikie sauti ya baba yao. Marehemu alisema sentensi mbili, akatulia. Masikio hakusikia kitu tena, lakini mchoro ulionyesha uvimbe mnene ukipanda na kushuka, taratibu.

Akaongeza sauti. Kulikuwa na kulamba. Ulimi mpana wenye mate mazito ulipita juu ya kitu laini, ukarudi, ukapita tena. Harufu ya mafuta yaliyochacha ikampanda puani, na alipovua hedifoni, uzi wa mate ukavutika kutoka kwenye sponji hadi sikioni mwake, ukakatika, ukamgandia shavuni, wa vuguvugu.

Alinawa mara tatu, akajiambia ni jasho. Kesho yake uvimbe ule ulikuwa katika kila faili alilochora, hata lile alimomrekodi bintiye wa miaka minne akiimba, na humo ulianza kabla mtoto hajafungua mdomo, ukamfuata neno kwa neno, ukazidi kunenepa mpaka wimbo ulipokwisha, na pale pale mtoto alipovuta pumzi, ukameza.

Masikio alimpigia simu mama yake mdogo, aliyekuwa mganga, huku akitapikia ndoo ya taka.

Mama mdogo alifika saa sita mchana, akaziba pua tangu mlangoni. Hakuuliza mengi.

“Uliiongezea sauti?”

“Ndiyo, mama mdogo.”

“Basi wewe ndiye uliyekikaribisha kitu hicho. Lala ubavu.”

Alimmiminia mafuta sikioni huku akisoma dua kwa sauti ya chini, na Masikio akahisi kitu kikijikunjua kichwani mwake, kikijiburuta, kikimlamba njia nzima kana kwamba kinamuaga, hadi kikaangukia beseni lililowekwa kando ya kichwa chake: kijivu, kina vinyweleo, kirefu kama kidole. Kiliendelea kulamba beseni. Mama mdogo alikifukia kwa chumvi, wakakichoma uani. Uvundo uling'ang'ania nguo zao siku nne, lakini michoro yote ilinyooka.

Mjane alipokuja kuchukua kanda, Masikio alimweleza yote bila kuficha. Mjane yule alisikiliza asishtuke, kama anayepewa habari za jirani. Kisha akasogea karibu, akanong'ona:

“Mmetoa ulimi mmoja tu?”

Masikio akapeleka kidole upande wa pili wa kichwa. Sikio lake la pili lilikuwa limeanza kulowa.