Mteremko wa Bibi

Kila siku akitoka shule, Kalamu alivua viatu, akanawa, kisha akasukuma kiti cha magurudumu cha bibi yake hadi nyuma ya nyumba kutazama chumba kinachojengwa. Kalamu halikuwa jina lake. Msichana huyo aliitwa hivyo kwa sababu ya mwandiko wake mzuri.

"Leo kimefika wapi?" bibi aliuliza, ingawa alikuwa anakiona.

"Kimepauliwa, bibi. Bado mlango."

"Kifanye haraka. Nimechoka kulala sebuleni na friji linalokoroma kunishinda."

Tangu miguu imwishie nguvu, bibi alikuwa akibebwa na baba kushuka ngazi za mlangoni kila alipotaka kutoka nje, kisha akakalishwa kitini. Chumba kile alikitakia jambo moja tu: aingie na kutoka mwenyewe, asibebwe kama gunia.

Jumamosi walipofika pamoja na mama, walikuta saruji mbichi mlangoni. Fundi alikuwa amejenga ngazi tatu, nzuri, zilizonyooka. Bibi alizihesabu kwa kidole.

"Sasa mimi nitaruka?" akauliza taratibu.

Mama akaingia ndani ya nyumba, akarudi na mkataba, akamwonyesha fundi aliyekuwa akiosha zana zake.

"Fundi, soma mwenyewe. Mlangoni kuwe na mteremko wa kupitisha kiti. Na sahihi yako hii hapa."

Fundi alikuna kichwa. "Dada, mteremko sikuuona mimi. Nilimwona baba mtoto akimbeba bibi, nikadhani mtaendelea hivyo."

"Nakala yako iko wapi?"

"Ililowa mvua, ikachanika."

"Basi tukutane Jumatatu kwa mwanasheria."

Nakala zote mbili za mkataba alizinakili Kalamu. Ya kwanza aliiandika kwa utulivu. Ya pili, wenzake walikuwa wakimwita nje kuruka kamba, akaimaliza mbiombio. Mama na fundi walikuwa na haraka pia, wakasaini bila kulinganisha. Fundi alipokuwa akiikunja yake, Kalamu aliona mstari wa mteremko haumo. Lakini mama alikuwa ndiyo kwanza anasema, "Mwandiko huu ni wa binti yangu," na fundi akatikisa kichwa kwa kustaajabu. Kalamu akanyamaza.

Jumatatu jioni waliketi ofisini kwa mwanasheria, mwanamke wa makamo aliyefunga miwani yake kwa kamba. Akausoma mkataba mara mbili.

"Mkataba wa ujenzi ukivunjwa," alisema, "hatuanzi kwa kukomoana. Kwanza fundi hupewa nafasi ya kurekebisha kwa gharama yake. Akikataa, mwenye nyumba anaweza kumweka fundi mwingine, na wa kwanza akafidia gharama iliyozidi. Kosa likiwa kubwa sana, mkataba unaweza kusitishwa, na mahakama ikaamuru fidia ya hasara. Fundi, unasemaje?"

Fundi alitazama viganja vyake vilivyopasuka kwa saruji. "Karatasi imeshasema. Mimi sina ya kuonyesha. Nitabomoa, nijenge upya kwa gharama yangu." Akatabasamu kidogo. "Kama niliusoma nikasahau, basi kichwa nacho kimezeeka."

Kalamu alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha bibi. Asiposema, hakuna atakayejua kamwe, na mteremko bibi ataupata vilevile.

"Hajasahau," alisema. Sauti ilitoka ndogo. "Kwenye nakala yake mstari wa mteremko haukuwemo. Mimi niliuruka."

Akaeleza yote, hadi habari ya kamba. Mama akamgeukia.

"Kwa nini hukuniambia siku ileile?"

"Ulikuwa unanisifia, mama."

Mama akamvuta karibu. "Fundi, nisamehe," alisema. "Nilikuhesabu mwongo."

"Hata mimi nilianza kujihesabu hivyo, dada."

Mwanasheria akavua miwani. "Basi hapa hakuna aliyevunja mkataba. Kuna nakala mbili zisizofanana, na watu wazima wawili waliosaini bila kuzilinganisha. Pataneni."

Wakapatana: familia inunue saruji na kokoto, fundi atoe siku moja ya kazi. Kalamu aliandika makubaliano hayo mara mbili, bila haraka. Fundi akasoma yake kwa sauti, mama akifuata kwa kidole kwenye ya pili, mstari kwa mstari.

Fundi alibomoa ngazi, vifusi vyake akavijaza chini ya mteremko. Saruji ilipokauka sawasawa, na mlango ukawa umepachikwa, bibi alisukuma magurudumu kwa mikono yake mwenyewe. Baba alipotaka kumsaidia, akamwambia, "Niache, wewe."

Akapanda polepole, akaingia.

Mama alimshika Kalamu bega. "Mwanangu, kila anayenakili anaweza kuruka mstari. Lakini uliliona kosa ukalificha, na mtu asiye na hatia akakaribia kulipia. Siku nyingine ukikosea, sema siku hiyohiyo, hata kama unasifiwa. Na sisi wakubwa tumejifunza kusoma kabla ya kusaini."

"Ndiyo, mama." Kalamu akaanza kupanda mteremko.

Mlango ukafungwa mbele yake.

"Piga hodi," bibi alisema kutoka ndani. "Hiki sasa ni chumba changu."