Hema Lililokatwa Vipande

Lori lililobeba nyumba yao ya hema lilizimika katikati ya tambarare saa nne asubuhi, na Lhamsuren alipofungua boneti upepo ulimvua kofia. Dizeli ilikuwa imeganda. Tsermaa, mjane wa kaka yake, hakushuka kwenye farasi wake kutazama. Macho yake yalikuwa kaskazini, ambako mbingu na ardhi zilikwisha kuwa rangi moja.

"Ingia ndani ya lori, shemeji," Lhamsuren alisema.

"Na hawa?"

Hawa walikuwa farasi majike kumi na mmoja, wote wana mimba. Baridi ya mwaka uliopita ilimchukua mumewe na farasi sabini; hao ndio waliobaki. Dhoruba ikiwapiga, farasi wa tambarare huipa mgongo na kwenda inakowasukuma, wala hawasimami mpaka waanguke. Kusini, mwendo wa saa moja, kulikuwa na korongo.

"Farasi hajengewi," Lhamsuren alisema. "Baba hakujenga, babu hakujenga. Anayetaka ukuta ni ng'ombe."

"Baba yako alikuwa na mia tatu, angeweza kuringa. Shusha hema."

"Nyumba yako uifanye zizi?"

"Nimesema shusha."

Akashusha, huku akinung'unika. Walizitandaza kuta za fito, zile za kukunja na kukunjua, wakazifunga kwenye lori kwa kamba za singa za mkia wa farasi mpaka zikafanya nusu duara. Juu yake wakavuta sufu nzito ya kufunika hema, iliyopondwa hadi ikashikana, ikabana kote bila tundu. Waliwaswaga majike nyuma yake, na dhoruba ikafika.

Kwa muda ukuta ulishika. Kisha theluji ikaanza kuruka juu yake na kumwagika upande wa pili, palepale waliposimama farasi. Jike la kijivu lilizama hadi tumboni. Mengine yalianza kugeuza vichwa kusini.

"Yanaondoka!" Lhamsuren alipiga kelele. "Yaache, tutakufa sisi!"

Tsermaa alichomoa kisu. Ile sufu aliiponda mwenyewe na mama yake mwaka alioolewa, na sasa aliipasua toka juu hadi chini, kipande baada ya kipande, akiutukana upepo matusi ambayo mjane hapaswi kuyajua.

"Umerukwa na akili?"

"Upepo ukizibiwa unaruka na kutuzika. Uachie upenyo upite umechoka. Kata!"

Lhamsuren alisita kidogo tu. Akatoa kisu chake. Walisuka vipande kwenye fito, wakiacha mwanya kati ya kipande na kipande, vidole vikitoka damu ambayo hawakuihisi. Upepo ukapita ukipiga miluzi, lakini haukuwa na nguvu tena, na theluji ikaenda kuanguka mbali. Wakalifukua lile jike la kijivu kwa sahani na mikono.

Jike moja bado lilitaka kwenda. Tsermaa akalishika nywele za shingo, akalibana kifuani.

"Huendi," alilinong'oneza sikioni. "Nimeshazika wa kutosha."

Alisimama hivyo mchana kutwa, na usiku walilala wima katikati ya miili ya farasi, wakilamba siagi iliyoganda.

Asubuhi anga lilikuwa jeupe na kimya. Wapanda farasi wawili wa kambi ya jirani walikuja moja kwa moja hadi kwenye fito, wakashangaa.

"Mko hai? Nyumba yenu iko wapi?"

Huko kwao hakuna anayeikaribia nyumba bila kuita kwa mbali, "Zuieni mbwa!", hata kama mbwa hayupo. Lhamsuren, vidole viwili vimekuwa vyeusi, midomo imepasuka, alijitokeza kati ya majike kumi na moja akawazuia kwa mkono.

"Mna adabu gani nyie?" alisema. "Rudini nyuma, mpige kwanza ukelele mbwa azuiwe. Wenye nyumba wamo ndani."