Waliogonga kwa Ndani

Jua lilikuwa linazama nyuma ya maghorofa ya mjini wakati Larissa alipotumwa kuchukua mfuko wa nywele za kusukia. Mama yake aliuacha kwa Mama Marcelline, muuza ndagala, wale dagaa wakavu, anayekaa ubavuni mwa saluni yao, na kesho asubuhi bibi harusi angekuja nyumbani kusukwa. Ni mwendo wa dakika kumi tu. Larissa aliijua ile njia hata kwa macho ya kufumba.

Ila siku hiyo mama alikuwa amefunga saluni saa sita mchana. Alirudi, akakaa kitandani na viatu miguuni, akasema kichwa kinamuuma. Larissa alipofika mlangoni, akamwita.

"Chukua mfuko, urudi. Kontena usifungue."

"Ndiyo, mama."

"Hata ukiitwa."

Saluni yao ilikuwa kontena kuukuu la meli, halina dirisha. Mlango wake wa chuma una pande mbili na vyuma virefu vya kukazia, na ukifungwa, unafungwa kwa nje tu.

Mlango wa namna hiyo ndio uliomuua baba yake, aliyemwita papa. Papa Serge, aliyekuwa mwalimu wa fizikia kule Bukavu, huku Durban alisafisha makontena katika yadi moja karibu na bandari. Mwezi wa kumi mtu alifunga mlango bila kuchungulia ndani. Walimkuta kesho yake. Mlinzi alisema hakusikia kitu. Tangu hapo Larissa hakulala vizuri, kwa ajili ya swali moja. Je, papa aligonga? Na kama aligonga, nani alisikia akapita?

Maana papa mwenyewe ndiye aliyemfundisha habari za milango. Shule ilipomrudisha nyumbani kwa sababu ya karatasi za ukaaji zilizoisha muda, papa akawa ndiye shule yake. Alikuwa na kitabu kimoja cha Kifaransa, kimechakaa, na kila mwisho wa Januari alikifungua ukurasa uleule mle saluni, akawasha mshumaa. Watu wanawakumbuka waliofika mwezini, alikuwa akisema, sisi tutawakumbuka wasiofika. Wamarekani watatu walioungua ndani ya chombo cha angani kabla hata hakijaondoka ardhini, kwa kuwa mlango ulifungukia ndani na hewa ikaukandamiza. Mrusi mmoja ambaye parachuti yake ilikataa kufunguka. Warusi watatu walioshuka vizuri kabisa, wenzao wakafungua wawapokee, wakawakuta wamekaa vitini kama waliolala. Hewa yao ilivuja njiani. Jumla saba. Papa aliwataja mmoja mmoja kama watu wa ukoo.

Na kwa wale wa moto aliongeza neno kila mwaka.

"Waliokuwa nje hawakuwaacha, Larissa. Moshi uliwaziba pumzi, chuma kilikuwa cha moto, wakakishika hivyohivyo. Walichelewa, lakini walifungua."

Leo ilikuwa mwisho wa Januari, wa kwanza bila papa. Asubuhi, mama akiwa hajafika, Larissa alikuwa amewasha mshumaa ndani ya kontena na kutaja majina saba. Kisha, kwa sauti ndogo, akaongeza la nane.

Alipofika, Mama Marcelline alikuwa anafunika ndagala zake haraka haraka. Alimpa mfuko bila kumtazama usoni. Palikuwa na harufu. Haikuwa ya mkaa wala ya nyama ya kuchoma. Ilikuwa ya waya ulioungua.

Ko. Ko. Ko.

Larissa aligeuka. Kufuli la kontena lilikuwa mahali pake.

Ko. Ko. Ko.

"Iko mtu ndani?" alinong'ona.

"Hakuna. Chuma kinapoa."

"Kinapoa tatu-tatu?"

Mama Marcelline aliketi. Akamweleza kwa sauti ya chini kwamba wagongaji walianza asubuhi, mama yake akiwa peke yake ndani, anafagia. Alitafuta kila pembe. Alipotoka na kufunga, wakagonga zaidi. Kuna mtu aliwaita mle, alisema, akamwangalia Larissa kwa muda. Pasta Israël atakuja Jumamosi na mafuta ya maombi.

"Waliokufa wamefungiwa hawaji kuomba chakula, ma fille, binti yangu. Wanaomba mlango. Na anayewafungulia, yeye ndiye anabaki ndani." Alimshika mkono. "Twende. Giza linaingia."

Jumamosi ilikuwa siku tatu mbele. Papa alikufa kwa usiku mmoja.

Larissa aliutoa mkono wake taratibu. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake, maana yeye ndiye anayefungua kila asubuhi. Nyuma yake Mama Marcelline alianza kusali kwa Kifaransa.

Kufuli lilitoka. Akashika chuma cha mlango.

Kilikuwa cha moto.

Hata joto la mchana kutwa halifanyi chuma vile. Viganja vyake viliungua, akasikia ngozi ikishika. Angeachia. Mtu yeyote angeachia... Akavuta hivyohivyo, meno ameyauma, machozi yanamtoka.

Mlango ulifunguka.

Hakukuwa na mtu. Viti vitatu, kioo kimejaa ukungu wa pumzi. Na upande wa ndani wa mlango, kwenye vumbi, alama za viganja. Nyingi. Juu, chini, moja juu ya nyingine.

Kisha bega lisiloonekana likamgusa, likapita.

Likafuata la pili, na la tatu, na harufu ya moshi. Wa nne alipita upesi kama upepo. Watatu wengine walipita polepole, kama watu walioamshwa sasa hivi.

Wa nane alisimama.

Alinuka sabuni ya dawa, ile ya yadi. Alisogea karibu. Viganja vya Larissa vilipoa ghafla, kana kwamba vimetiwa majini.

"Uligonga, papa," alisema. "Nimesikia."

Kisha hapakuwa na mtu. Kule kwenye robot, taa za barabarani, watu waliokuwa wanavuka barabara walisogea pembeni, wote pamoja, bila kujua wanampisha nani.

Nyumbani mama alimpaka vaselini viganjani, palipokuwa na malengelenge marefu yenye umbo la chuma. Hakumgombeza. Alifunga kitambaa, akafunga fundo, ndipo akauliza.

"Walikuwa wangapi?"

"Nane, mama."

Mama alilikaza tena lile fundo.

"Mimi nilisikia tisa."

Usiku ule Larissa alitafuta kwenye simu. Alikuwepo mwingine, kijana wa kikosi cha Warusi, aliyetangulia kuliko wale wote. Aliungua akiwa mazoezini, ndani ya chumba kilichofungwa, hapahapa ardhini, na mlango ulichelewa kufunguka. Jina lake lilifichwa miaka zaidi ya ishirini. Kitabu cha papa hakikuwa nalo.

Siku hizi mlango wa saluni unakaa wazi mchana kutwa, pande zote mbili. Pasta alikuja, akapaka mafuta, akaenda. Larissa amelitaja jina la huyo wa tisa, tena mara nyingi, na mshumaa amewasha.

Lakini jioni, wateja wakishaondoka, bado sauti inasikika ukutani kule ndani.

Ko.

Moja tu. Polepole, kama ya mtu asiyetegemea tena kusikiwa.