Nyundo Ilikwisha Lia

Masolwa alikuwa ameshaanza kukanyaga pedali, magunia matupu yakimpepea nyuma ya baiskeli, alipogeuza shingo na kuwapigia kelele wanawe wawili.

"Bei kwanza, moto baadaye! Mmesikia?"

"Tumesikia, baba," alijibu Bertila, msichana wa miaka kumi na mitatu. Kaka yake, Lugembe, aliinua mkono tu.

Walikuwa wameichoka amri hiyo. Tangu Vita vya Pili vya Dunia viishe na malori yazidi barabarani, Masolwa aliihubiri kila asubuhi. Alikuwa mhunzi wa kando ya barabara karibu na Choma. Gari likivunjika, hutaja bei. Dereva akikubali, yeye hugonga fuawe, chuma chake cha kufulia, kwa nyundo mara moja. Ngo! Bei imefungwa. Hapo ndipo makaa huwashwa. Sasa alikuwa anakwenda Tabora kutafuta chuma, safari ya wiki nzima.

Siku ya pili likaja lori la chumvi, limeinama upande mmoja kama kuku aliyevunjika mguu. Dereva wake, Modest wa Gongoni, alishuka akitukana barabara na walioichimba.

"Shikamoo," alisema Bertila.

"Shikamoo itaunga springi? Fundi yuko wapi?"

"Ni mimi," alisema Lugembe. Akaingia chini ya lori, akatoka. "Bamba moja limekatika. Shilingi nne."

"Nne! Wezi wakubwa nyie. Mbili!"

"Nne. Makaa hayaokotwi njiani."

Modest alitema mate. "Haya, nne." Lugembe akagonga fuawe.

Lori lilikuwa juu ya mawe na bamba limo motoni wakati mbingu zilipogeuka nyeusi upande wa Igunga. Modest akaanza kulizunguka lori, akivuta turubai lililojaa matundu. Chumvi na mvua havikai nyumba moja. Tena mbele kulikuwa na mto usio na daraja. Ukijaa, mtu hulala hapo siku mbili.

Bertila alikuwa akivuta mivukuto ya kuchochea moto huku akimwangalia Modest. Januari alitakiwa kuanza shule ya misheni Tabora, na ada yake ilipungukiwa na shilingi nane. Akamnong'oneza kaka yake:

"Mwambie kumi na mbili. Hana pa kwenda."

"Nimeshagonga fuawe."

"Baba yuko hapa kulisikia?"

Lugembe alikohoa, kisha akamtajia dereva kumi na mbili. Modest alinyakua spana.

"Nyundo ilikwisha lia! Nimeisikia kwa masikio yangu!"

"Basi chukua springi yako," alisema Bertila. "Ichukue hivyo hivyo ilivyo nyekundu."

Modest alilipa. Alizitupa zile shilingi kwenye majivu, moja moja, ili waziokote. Lori lilipokuwa tayari aliondoka kwa fujo, akawaachia vumbi tupu.

Baada ya hapo hakusimama mtu. Lori moja lilipita likitoa mvuke puani. Dereva akatoa mikono miwili dirishani, akaonyesha vidole kumi, kisha viwili, akacheka. Jingine liliharibika mbele ya macho yao, na dereva akalala chini ya gari akingoja fundi kutoka Nzega. Makaa yalipoa.

Masolwa aliporudi, hakuulizia chakula. "Mbona sisikii nyundo?"

Bertila ndiye aliyeeleza, mwanzo hadi mwisho. Baba yake hakumpiga. Alisema tu, "Zilete hizo nane."

Jumamosi lori la Modest lilipotokea, Masolwa alisimama katikati ya barabara. Breki zililia.

"Toka, mzee, nitakusaga!"

"Nisage. Lakini kwanza pokea pesa yako."

Bertila alisogea na kifundo cha kitambaa. "Shikamoo."

"Hiyo shikamoo ni bei gani leo? Kumi na mbili?"

Machozi yalimlengalenga, lakini hakurudi nyuma. "Kaka hakutaka. Mimi ndiye niliyemwambia. Nyundo ililia kwa nne."

Modest alihesabu zile nane, akahesabu tena. "Tajiri wangu alinikata mshahara. Aliniambia dunia hii haina springi ya kumi na mbili, eti hizo nane nimezila mimi. Niliitwa mwizi mbele ya mataniboi, wasaidizi wangu mwenyewe!"

Masolwa akamgeukia binti yake. "Umesikia? Bei yangu ina makaa, ina chuma, ina jasho. Mvua ya mtu haimo humo. Ukiuza shida ya mtu, mwanangu, unauza mara moja tu." Kisha akamtazama dereva. "Na wewe, ukitajiwa bei ya haki, lipa. Usimwite fundi mwizi kabla hajakuibia."

Modest alipiga gia, akaondoka bila kuaga.

Ilichukua miezi miwili malori kuanza kusimama tena. Modest alikuwa wa mwisho. Alilipa nne, akaitikia marahaba, hakucheka. Bertila alikosa shule mwaka ule. Aliingia mwaka uliofuata, akaja kuwa muuguzi Nzega. Lugembe alipata kazi katika karakana ya Mtendeni. Masolwa alifariki miaka miwili kabla ya Uhuru. Fuawe lake lilinunuliwa na mhunzi mwingine, kwa bei aliyokubaliana na Lugembe na Bertila kabla ya kulipakia garini.