Ukuta wa Mwalimu Kyungu

Kila Jumatano shule ilifungwa saa sita mchana, na kila Jumatano alasiri kazi yangu ilikuwa kufagia ngazi. Nyumba yetu ilikuwa ndefu na nyembamba, ya matofali mekundu yaliyogeuka meusi kwa moshi wa miaka mingi, huko Saint-Gilles, katika mji mkuu wa Ubelgiji, karibu na stesheni ya treni ya Midi. Treni ilipopita, vikombe vya mama vilitetemeka kabatini. Nilianza kufagia ghorofa ya tatu, tulikoishi mimi na mama, nikashuka hadi chini kabisa kwenye chumba cha nyuma kilichotazama ua mdogo. Humo wapangaji walihifadhi baiskeli, magunia ya makaa na viti vilivyovunjika.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na mwaka ulikuwa 1995. Hata leo nikisikia harufu ya makaa na vumbi la mvua, nakumbuka chumba kile.

Aliyenifundisha kukipenda ni Tonton Sylvestre, yaani "mjomba" kwa Kifaransa chetu. Alikuwa jirani yetu wa ghorofa ya pili, mzee wa Uvira aliyestaafu kazi ya kupanga barua posta. Mara nyingi alinikuta chini na ufagio wangu, akaketi juu ya gunia la makaa na kuanza kusimulia.

"Donc, Ornella, hapa unapofagia palikuwa masomo," alisema. "Masomo ya Jumapili. Mwalimu Polycarpe Kyungu aliletwa Ulaya kupika jikoni mwa ofisa mmoja. Akajifundisha kusoma, kisha akafundisha wengine. Baba yangu alikuwa mchochea makaa melini. Meli ikifika Antwerp, alipanda treni kuja hapa, Jumapili moja kwa mwezi. Barua ya kwanza aliyomwandikia mama yangu aliiandika ndani ya chumba hiki."

Mama yangu, Viviane, naye alipenda kusikia habari hizo. Alifanya kazi ya kuwahudumia wazee katika nyumba moja ya kulelea wazee huko Laeken, na alirudi amechoka. Lakini Tonton Sylvestre akimtaja Mwalimu Kyungu, mama alisahau maumivu ya miguu yake. Babu yangu alikuwa mwalimu Bukavu. Nyumba yake ilitazama ziwa, na mama alipoikimbia hakubeba hata picha.

"Sijui leo ni nani analala katika chumba cha baba," aliniambia siku moja. "Nyumba ikishapotea, muntu anabaki anaitafuta katika usingizi."

Mwezi wa Oktoba kila mpangaji alipata barua. Nyumba zote za upande wetu wa mtaa zingebomolewa ili pajengwe ofisi. Tonton Sylvestre akawakusanya wapangaji, wakaunda kamati, wakaandika ombi kwa serikali ya mji kwamba nyumba ya Mwalimu Kyungu ihifadhiwe kama jengo la kumbukumbu.

Baada ya wiki mbili alikuja kijana mmoja wa Kibelgiji aliyeitwa Niels, mtaalamu wa majengo ya kale. Alikuwa mrefu hata aliinama kila mlangoni. Alipima chumba cha nyuma, akasikiliza maelezo ya Tonton Sylvestre mwanzo hadi mwisho, kisha akakuna kichwa.

"Nawaamini," alisema. "Nimeona barua moja yenye sahihi ya Kyungu huyo katika nyaraka za zamani. Lakini haina anwani. Hakuna karatasi inayosema alifundisha hapa, katika nyumba hii na si nyingine. Nahitaji kitu ninachoweza kukionyesha. Nina wiki tatu tu za kumaliza taarifa yangu."

Mtu mmoja tu alikuwa amekaa mtaani kwetu tangu zamani hizo. Huyo ni Madame Wivina, bibi wa Kibelgiji mwenye miaka sabini na mitatu, aliyeishi peke yake ghorofa ya kwanza ya nyumba yetu. Alikuwa na kawaida ya kuitikia salamu bila kufungua mlango wote. Nilimgongea, nikamuuliza kama alimjua Mwalimu Kyungu. Niliona mkono wake ukikaza kwenye kitasa.

"Sijui lolote," alisema. "Nilikuwa mtoto." Akafunga mlango.

Jumatano iliyofuata nilishuka na ufagio kama kawaida, lakini sikufagia. Kwenye kona ya chumba cha nyuma karatasi za ukutani zilikuwa zimebanduka kwa unyevu. Nilizivuta zaidi. Nyuma yake palikuwa na lipu ya zamani, ya rangi ya kijani, tupu kabisa. Nilitazama ukuta ule kwa muda mrefu. Nikawaza jinsi mama atakavyopakia tena vyombo vyake katika masanduku. Nikatoa penseli mfukoni, nikaandika kwa herufi za kulala, kama nilivyoziona kwenye kadi za posta za zamani: *Shule ya Jumapili. P. Kyungu. 1931.* Niliandika kwa Kifaransa, polepole, nikiuma ulimi. Kisha nikachukua vumbi la makaa kwa kidole, nikalipaka juu ya maandishi mpaka yakaonekana ya zamani kuliko mimi.

Ndipo nikapanda ngazi nikikimbia kumwita Tonton Sylvestre.

Nilidhani angeruka kwa furaha. Hakuruka. Alivua kofia yake ya sufu, akaweka kiganja ukutani kando ya jina, akasimama hivyo. Machozi yalimtoka yakafuata mikunjo ya mashavu.

"Baba alisomea mbele ya ukuta huu," alisema hatimaye.

Mama alipotoka kazini, alibusu vidole vyake na kuvigusisha kwenye herufi zangu. Nilikaa nyuma yao. Niliona aibu kama mtu aliyesikia siri isiyo yake, nikashika ufagio nikaanza kufagia.

Niels alikuja Ijumaa akapiga picha nyingi. Alifurahi sana, akasema atarudi Ijumaa nyingine na fomu za kamati kutia sahihi, na Jumatatu yake atapeleka taarifa. Wiki hiyo nilikuwa kama mgonjwa. Darasani niliitwa jina mara mbili nisisikie. Nyumbani kila mpangaji aliniita mtoto aliyeiokoa nyumba, na Tonton Sylvestre akaninunulia kalamu ya wino yenye kifuniko cha fedha. Sikuweza kuifungua.

Alhamisi mama alipika sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, pamoja na samaki, chakula nilichokipenda kuliko vyote. Nilichezea kijiko.

"Mutoto wangu, unashika kijiko lakini haukule," mama alisema. "Alors, kuna nini?"

Nilimwambia. Nilimwambia yote, hata vumbi la makaa. Mama aliweka sahani yake mezani akanitazama, na kwa muda sikujua kama atanipiga au atalia. Hakufanya lolote kati ya hayo.

"Niliibusu, Ornella," alisema kwa sauti ndogo. "Niliibusu ile kuta."

"Nisamehe, mama. Nilitaka tusihame tena."

"Najua ulichotaka." Alisogeza sahani yangu pembeni. "Bon. Kesho Niels anakuja. Utamwambia weye mwenyewe, mbele ya wale uliowadanganya. Miye sitasema kwa ajili yako. Lakini nitasimama karibu."

Siku ya pili yake watu walikuwa wamejaa chumba cha nyuma. Hata Madame Wivina alikuwa amefungua mlango wake na kusimama kwenye ngazi, kwa kuwa sauti zilikuwa nyingi. Niels alitandaza fomu juu ya kiti. Nilihisi mkono wa mama begani, kisha nikahisi ukitoka.

"Maandishi ni yangu," nilisema. "Niliyaandika mimi, Jumatano ile. Mwalimu hakuyaandika."

Nilisema kwa Kifaransa, kisha nikarudia kwa Kiswahili, kwa sababu Tonton Sylvestre alinitazama kana kwamba hakusikia. Alikuwa amesikia. Alivaa kofia yake, akafungua mlango wa uani, akatoka nje, akasimama mvua ikimnyeshea.

Niels alifunga kalamu yake. "Jumatatu ningepeleka picha hizi," alisema. "Wataalamu wangeichunguza penseli hiyo na kugundua. Baada ya hapo hakuna ambaye angesoma ukurasa mwingine wa taarifa yangu, hata ule wa kweli. Umechelewa, Ornella, lakini si sana." Alikusanya fomu zake. "Ila sasa tumebaki mikono mitupu."

Watu walitoka mmoja mmoja. Hakuna aliyenikemea, na hilo liliniuma zaidi.

Jumamosi asubuhi tulisikia fimbo ikigonga ngazi. Mlangoni alisimama Madame Wivina, akihema. Kwa miaka minne tuliyoishi pale hakuwahi kupanda hadi kwetu. Kwapani alibana bahasha kubwa ya kaki. Mama alimpa kiti na chai, naye akaiacha chai ipoe.

"Jana nilikuwa kwenye ngazi," aliniambia. "Nilikusikia. Mimi sikuweza kulala."

Kisha akatusimulia. Mama yake alikuwa dobi wa mtaa huo, na yeye alikuwa binti mdogo ambaye walimu wa shule yake walimketisha nyuma kabisa, wakisema hana akili. Alifika miaka kumi na mmoja hajui kusoma jina lake. Siku moja alipeleka shuka katika nyumba hii, akakuta mlango wa chumba cha nyuma uko wazi, na wanaume wazima wa Kiafrika wameketi juu ya masanduku wakitamka herufi.

"Mwalimu aliniuliza kama nataka kukaa. Nikakaa. Kulikuwa na jiko la makaa, na yeye aliweka chaki juu yake zikauke kwanza, kwa sababu chumba kilikuwa na unyevu. Alikuwa na subira. Nikikosea, hakucheka. Alisema, 'Twende tena, binti.' Nilikuja kila Jumapili kwa mwaka mzima na nusu."

"Kwa nini ulisema hujui lolote?" nikauliza.

Mama alinigusa mguu kunionya, lakini Madame Wivina hakukasirika.

"Kwa sababu watu wa mtaa walipojua, walinicheka. Dobi mdogo amefundishwa na mpishi Mweusi. Baba yangu alinikataza kuja. Nilipoolewa nikamwambia mume wangu kwamba nilifundishwa na masista. Wanangu nao nikawaambia hivyo hivyo. Yule mtu alinipa dunia yote, mimi nikaficha jina lake kama kitu cha aibu." Alinitazama. "Wewe ulishindwa kuubeba uongo wako siku tisa. Mimi nimeubeba wangu miaka sitini."

Akafungua bahasha. Ndani kulikuwa na daftari la mazoezi, kurasa zake zimekuwa rangi ya chai. Maneno ya mtoto yalipanda na kushuka kwenye mistari, na pembeni yake palikuwa na masahihisho ya wino mwekundu, safi, yaliyonyooka. Katika ukurasa wa mwisho, kwa mkono uleule wa wino mwekundu, paliandikwa kwamba Wivina, mwanafunzi wa Shule ya Jumapili, amesoma kitabu kizima kwa sauti bila kusaidiwa. Ikafuata tarehe ya mwezi wa Machi 1934, jina la mtaa wetu, namba ya nyumba yetu na sahihi ya Polycarpe Kyungu.

Mama alisoma ukurasa huo mara mbili. Hakuugusa.

Jumatatu Niels alilinganisha sahihi hiyo na ile ya barua aliyoiona katika nyaraka. Zilikuwa za mtu mmoja. Madame Wivina alikwenda mwenyewe kwenye ofisi ya mji, akaeleza habari zake mbele ya watu watano wasiomjua, na binti yake mkubwa akiwa ameketi kando yake akisikia kwa mara ya kwanza.

Majibu yalikawia. Ilipita Krismasi, theluji ikaanguka na kuyeyuka. Mwezi wa Aprili ikaja barua: nyumba yetu haitabomolewa, na chumba cha nyuma kitatengenezwa na kuhifadhiwa. Nyumba za kulia na kushoto hazikupona. Kwa majuma kadhaa tulisikia matofali yakianguka, na rafiki yangu Nuru wa nyumba ya kushoto, tuliyekuwa tukienda naye shule, alihamia Molenbeek. Siku ya kuagana alinipa kamba yake ya kuruka, nami sikujua la kumpa.

Muda wote huo Tonton Sylvestre aliniitikia salamu tu. Hakuniambia habari tena. Kalamu yake nilimrudishia siku ileile niliyokiri, akaipokea bila kuniangalia.

Kabla mafundi hawajaanza kazi, Niels alisema maandishi yangu yaondolewe ukutani. Niliomba kazi hiyo. Jumatano alasiri nilishuka na ndoo ya maji ya sabuni na brashi mbili, nikaanza kusugua. Penseli ilikuwa imeshika. Jina lilififia kidogo kidogo, kwanza tarehe, kisha herufi ya mwisho.

Nilisikia mlango. Tonton Sylvestre alikuwa amesimama nyuma yangu, kofia mkononi.

"Nilikukasirikia sana," alisema. "Si kwa ajili ya nyumba. Ni kwa sababu niligusa ukuta, nikadhani nimegusa mkono wa baba."

"Najua, tonton. Nisamehe."

"Miye pia nimefikiri, miezi hii yote. Nilitamani kuona, ndiyo sababu sikuuliza. Muntu akitamani sana, anaamini upesi." Aliweka kofia juu ya gunia la makaa. "Lakini sikia vizuri, mutoto wangu. Mwalimu Kyungu alifundisha watu ili mtu asiwadanganye kwa karatasi, ili kila mmoja asome mwenyewe kilichoandikwa na ajue ni kweli ama si kweli. Tungelinda vipi nyumba yake kwa maandishi ya uongo? Tungebaki na matofali, na yeye mwenyewe tungekuwa tumemfukuza. Wivina hakufungua mlango wake kwa kuwa sisi wakubwa tulimwomba. Alifungua kwa sababu alisikia mutoto akisema kweli iliyomuumiza. Hilo ndilo lililobakiza nyumba."

Niligeukia ukuta nikaendelea kusugua, maji yakinitiririka hadi viwiko. Tonton Sylvestre alikunja mikono ya shati lake, akapiga magoti polepole kama wazee wanavyopiga, akachukua brashi ya pili.

"Sogea kidogo," alisema. "Nitakuambia siku ambayo baba alichelewa treni ya Antwerp kwa sababu ya herufi moja."