Siku Kaske Ilipomwangusha Adelaïde

Kila Jumamosi asubuhi Kyakimwa alifagia veranda ya duka la baba yake, akamwagia vumbi maji, kisha akatoa kiti kimoja cha mbao na kukiweka katikati. Duka lilikuwa kando ya barabara kubwa ya Mubi, mahali ambapo malori yanayotoka machimboni hupunguza mwendo na motari, wale waendesha pikipiki za kukodi, hungoja abiria. Baba yake, Papa Mumbere, alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo. Aliuza sabuni, chumvi, betri na mabuti ya mpira. Kyakimwa alikuwa na miaka kumi na mitatu, naye alisoma darasa la sita.

Kwenye kona ya veranda hiyo aliketi Mama Consolée na ndoo yake ya juisi ya marakuja. Alikuwa mgeni. Alikimbia vita huko Burungu na mtoto wake mdogo, wakatembea siku nyingi porini mpaka Mubi, na Papa Mumbere akampa ile kona auzie. Kila mteja alipofika, Mama Consolée alichota juisi kidogo, akanywa yeye kwanza mbele ya macho ya mteja, ndipo akamjazia kikombe. Huku kwetu hakuna anayeuliza sababu. Watu wanaogopa karuho, ile sumu inayosemwa kwamba mtu mbaya huificha ndani ya chakula au kinywaji. Na mgeni ndiye huogopwa kuliko wote.

Kile kiti cha mbao kilikuwa cha mchezo. Kabla vita havijafunga barabara ya Sake, Papa Mumbere alileta kutoka Goma miwani mikubwa inayofunika macho yote mawili. Watu waliiita kaske, kwa sababu inavaliwa kichwani kama kofia ngumu ya motari. Ukishaivaa, huoni tena duka wala barabara. Unajiona uko ndani ya mchezo wenyewe. Ukigeuka kushoto, mchezo uko kushoto. Ukitazama juu, uko juu. Mtu yeyote aliyenunua kitu dukani aliruhusiwa kuijaribu, na kazi ya kumchagulia mchezo ilikuwa ya Kyakimwa.

Papa Mumbere alikuwa amemfundisha vizuri kazi hiyo.

"Mutu wa mara ya kwanza, mupe Bwawa," alimwambia. "Anakaa kwenye kiti, samaki njo wanamufuata yeye, anawakamata kwa mukono. Hatembei. Akizoea, mupe Ngoma. Ile pia anabaki pale pale, ngoma zinakuja, anapiga. Pikipiki ni ya mwisho kabisa, ya wale waliozoea."

"Na nitajuaje kama hataweza, Papa?"

"Muulize: unatapikaka mu gari? Akisema ndiyo, Pikipiki usimupe hata akulilie. Na ukiona mutu anatoka jasho, ao anapiga miayo, ao anameza mate sana, muvue kaske palepale. Dakika tano tu, basi. Umesikia?"

"Nimesikia, Papa."

Jumamosi hiyo Papa Mumbere alikwenda kupokea mzigo, akamwacha Kyakimwa na kaka yake mkubwa, Mbusa, aliyekuwa ndani akihudumia wateja. Jua lilikuwa limepanda. Watoto kama kumi walizunguka kiti. Msichana mmoja alikuwa amevaa kaske, akinyoosha mikono hewani.

"Anakamata inzi!" mmoja alisema, wote wakacheka.

"Bwawa ni ya batoto ya kunyonya," mwingine aliongeza. "Kyakimwa, we huna michezo ingine?"

Kyakimwa aliona aibu. Alitazama simu ndogo mkononi mwake. Simu hiyo ilionyesha kile anachokiona mwenye kaske, na hapo ndipo mchezo ulipochaguliwa; ni Kyakimwa peke yake aliyeishika.

Ndipo akafika Adelaïde, rafiki yake wa darasani, akiwa na kipande cha sabuni alichotumwa na mama yake kununua dukani. Alikuwa na kiu. Alikuta Mama Consolée ameinama akimfunga mtoto wake nguo, akachukua kikombe mwenyewe, akachota, akanywa chote mara moja.

"Ngoja kwanza nionje, mutoto yangu!" Mama Consolée alisema.

"Nina haraka, Mama! Zamu yangu imefika."

Yule msichana alikuwa ameshuka, naye Adelaïde akakaa kwenye kiti, akamnong'oneza Kyakimwa sikioni: "Mimi usinipe samaki, banicheke. Nipe Pikipiki."

Kyakimwa alisita. Mwaka uliopita walipanda lori pamoja kwenda kwenye sikukuu ya parokia. Adelaïde alitapika njia nzima, mpaka wakampa mfuko akauvaa shingoni kama mkufu. Kyakimwa hakuliuliza lile swali la baba yake, kwa sababu jibu alilijua.

"Shika kiti," alimnong'oneza. Akabonyeza Pikipiki.

Mwanzoni Adelaïde alipiga kelele za furaha. Mwili wake ulilala kulia, ukalala kushoto. Watoto walishangilia. Kwenye simu, Kyakimwa aliona pikipiki ikishuka mlima mrefu, kona baada ya kona. Dakika tano zikapita, naye hakumvua, kwa kuwa watoto walikuwa bado wanashangilia. Adelaïde akaacha kupiga kelele. Akameza mate. Tone la jasho likashuka kutoka chini ya kaske mpaka kidevuni.

"Adelaïde?"

Adelaïde aliinuka kama mtu anayetaka kukimbia, akajikwaa kwenye kiti, akaanguka chini kwa kishindo. Kyakimwa alimvua kaske. Uso wa rafiki yake ulikuwa umepauka kama majivu. Alitapika, akatapika tena, na matapishi yakawa ya njano ya marakuja.

Watoto walirudi nyuma. Mmoja akapiga ukelele. Kyakimwa alisimama kama kisiki. Kisha kidole chake kikafanya jambo ambalo baadaye alishindwa kulieleza: kilifuta Pikipiki kwenye simu, kikarudisha Bwawa.

Mama Agathe, mama yake Adelaïde, alikuja mbio kutoka sokoni, kitambaa cha kichwa mkononi.

"Yezu Maria! Mutoto yangu! Amekula nini?"

"Alikunywa juisi," mtoto mmoja alisema. "Ya Mama Consolée. Yeye hakuionja kwanza."

"Hakuonja?"

"Aliichota mwenyewe, Mama Agathe," alisema Mama Consolée. "Nilimwambia angoje."

Watu wazima walikuwa wameanza kujaa. Mbele yao alikuwa Viateur, motari mrefu mwenye koti la ngozi, ambaye sauti yake husikika hata injini ikiwaka. Alimgeukia Kyakimwa.

"We binti, alikuwa anacheza mchezo gani?"

Macho yote yakamwangukia. Kyakimwa aliitazama simu mkononi mwake.

"Bwawa," alisema.

"Munasikia? Bwawa! Hata koko yangu, babu wa miaka makumi nane, alicheza Bwawa, akacheka tu!" Viateur aliwageukia watu. "Basi siyo kaske. Ni karuho!"

Neno hilo lilipita kwa watu kama moto kwenye nyasi kavu. Mwanamke mmoja akavuta watoto wake nyuma. Mwingine akasema alijua tangu siku ya kwanza. Mtu akapiga ile ndoo teke, juisi ikamwagika kwenye ngazi.

Mama Consolée hakukimbia. Alikinga kwa kikombe juisi kidogo iliyobaki chini ya ndoo, akakiinua watu wakione, akanywa.

"Tazameni! Nimekunywa! Ingekuwa sumu ningekunywa mbele ya mutoto yangu?"

"Mwenye karuho iko na dawa yake!" mtu alijibu kutoka nyuma. "Haimufanyi kitu!"

"Atoke Mubi leo leo!"

"Atoke aende wapi? Akauwe wengine? Leteni kamba!" alisema Viateur.

Mtoto wa Mama Consolée alijificha ndani ya kitenge cha mama yake, akakishika kwa ngumi mbili. Hakulia. Mtoto aliyeona vita hajui kulia haraka. Mbusa alitoka dukani akapaza sauti kuwatuliza, lakini nani angemsikia? Kijana mmoja alikuwa tayari anafungua kamba ya mizigo kwenye pikipiki yake.

Kyakimwa aliitazama ile kamba. Alikuwa amefikiri uongo wake utamwokoa na fimbo ya baba. Hakufikiri kwamba uongo ule ungetoka kwake na kwenda kumkamata mtu mwingine. Sasa ulikuwa unatembea wenyewe, mkubwa kuliko yeye. Alipanda juu ya kiti.

"Nimedanganya!" alipiga kelele. "Haikuwa Bwawa! Nilimpa Pikipiki! Anatapikaka mu gari, nami nilijua, nikampa tu. Mama Consolée hakufanya kitu!"

Viateur akacheka.

"Unasema uongo ya kumuokoa. Miwani itatapisha mutu? Iko na mukono ya kuingia mu tumbo?"

"Basi ivae weye," Kyakimwa alisema, machozi yakimtiririka. "Leo umekunywa juisi yake?"

"Mimi? Tangu asubuhi hata maji sijagusa."

"Umekula?"

"Sijakula."

"Basi kaa. Mimi nitakuwekea Pikipiki ileile."

Watu wakaguna. Viateur alitazama huku na huku. Hangeweza kukataa mbele ya motari wenzake.

"Pikipiki njo kazi yangu!" alisema akikaa. "Mabonde ya Masisi nimeyapita yote mu mvua. Nitaogopa pikipiki ya mu miwani?"

Alivaa kaske. Mwanzo alijigamba, akaendesha kwa mikono, akapiga honi kwa mdomo. Watu wakacheka kidogo. Kyakimwa hakuondoa macho usoni pake. Baada ya muda honi ikanyamaza. Viateur akapiga mwayo, tena mwayo mwingine. Akameza mate. Jasho likamtoka shingoni na kuingia ndani ya koti la ngozi.

"Inatosha, kaka Viateur, vua," Kyakimwa alisema.

"Niache! Kona hii tu..."

Hakuimaliza kona hiyo. Aliivua kaske mwenyewe kwa nguvu, akashuka ngazi akipepesuka, akapiga magoti kando ya pikipiki yake, akatapika maji matupu. Yule kijana aliyeshika kamba aliitazama mikononi mwake kama mtu aliyejikuta ameshika nyoka. Akaiangusha.

Mama Consolée alikaa chini, palepale kwenye juisi iliyomwagika, akampakata mtoto wake.

Muuguzi wa zahanati, Papa Symphorien, alipita katikati ya watu na mfuko wake. Mbusa ndiye aliyekuwa ametuma mtu amwite. Alimpima Adelaïde mapigo ya moyo, akamtazama macho, akanusa kikombe kipya ambacho Mama Agathe alitaka kumnywesha.

"Hii ni nini?"

"Dawa ya miti, Docta. Ya kutapisha karuho."

"Mwaga. Mutoto ametapika maji yote ya mwili, unataka atapike nini tena? Hii ingemumaliza. Mulaze kwenye kivuli, mupe maji kidogo kidogo."

Aliinua uso akawatazama wote.

"Hakuna sumu hapa. Mutu akivaa kitu hiki, macho yanamwambia: tunaenda mbio, tunakata kona. Lakini ndani ya sikio kuna kitu kinachotusaidia kusimama sawa. Chenyewe kinasema: hapana, tumekaa tu kwenye kiti. Kichwa kinapata habari mbili zinazopingana, tumbo linachafuka. Ni ndugu wa ugonjwa wa gari. Kwa hiyo mwanzo ni mchezo wa kukaa pale pale, kwa muda mufupi, na ukisikia vibaya unaacha. Hata motari."

Viateur alikuwa bado amepiga magoti. Hakuinua kichwa.

Papa Mumbere alirudi akakuta ngazi imelowa na binti yake analia. Kyakimwa alimweleza yote bila kuficha, hata jambo la kidole. Baba yake alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamshika mkono, akampeleka mbele ya Mama Consolée.

"Mama, nisamehe," Kyakimwa alisema. "Niliogopa fimbo."

Mama Consolée alimtazama.

"Burungu nilikimbia risasi," alisema. "Risasi unaisikia, unalala chini. Leo sikusikia kitu. Nilikuwa nimekaa na ndoo yangu tu." Akafuta uso wa mtoto wake kwa ncha ya kitenge. "Lakini ulipanda juu ya kiti, mutoto yangu. Wakubwa wote hapa hakuna aliyepanda. Nimekusamehe."

Mama Agathe alikuja pia, akainama kuosha ngazi pamoja na Mama Consolée. Viateur aliokota ndoo, akaona imepasuka, akaondoka nayo. Jioni alileta ndoo mpya, akaiweka kwenye kona bila kumtazama mtu usoni.

Wiki mbili Kyakimwa hakuruhusiwa kugusa kaske. Alichota maji ya juisi mtoni kila asubuhi na kumbebea Mama Consolée. Adelaïde alipona siku ileile, na yeye mwenyewe ndiye aliyewaambia wenzake darasani kwamba aliomba Pikipiki kwa sababu ya kuogopa kuchekwa.

Siku Kyakimwa aliporudishiwa kazi yake, baba yake alimkalisha kwenye kile kiti cha mbao.

"Binti yangu," alisema, "kumupa mutu mchezo usiomufaa ni kosa. Kosa kama hilo linaisha, mutu anatapika, analala, anaamka muzima. Lakini ulipolificha, watu walitafuta wa kulibeba, na wakampata yule asiye na ndugu hapa. Njo hivyo inakuwaka siku zote. Kosa lako usipolibeba mwenyewe, litaenda kukaa juu ya kichwa cha mutu munyonge. Libebe lingali dogo."

"Ndiyo, Papa."

"Haya. Mteja anangoja."

Kyakimwa alisimama. Mbele yake alikuwa mzee mmoja aliyenunua chumvi, akiitazama kaske kwa tamaa na hofu.

"Shikamoo, Papa," Kyakimwa alisema. "Karibu, ukae. Kabla sijakuvalisha, nina swali."